Mwanafunzi Mtafiti katika Maabara ya Visukuku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi kadhaa hubisha hodi maabara wakiwa na maswali yanayofanana. Wengine wameona dinosaria katika filamu, wengine wamepita tu mlangoni na kusikia mlio wa vifaa vya hewa, na wapo waliokuja kwa sababu mhadhiri wao aliwaambia wajaribu. Majibu yaliyomo hapa yameandikwa na mtu aliyeanza kwa kufagia vumbi la mawe akiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na ambaye sasa ndiye anayewakabidhi wengine ufagio. Mifano mingi imechukuliwa kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vya Tanzania na Kenya, kwa kuwa ndivyo ninavyovifahamu zaidi, na kwa kuwa msomaji wa Kiswahili ataona kwamba baadhi ya majina ya kisayansi yanayotamkwa kwa shida huko ng'ambo kwake yanasomeka bila kamusi.

Mwanafunzi hufanya kazi gani hasa?

Sehemu kubwa ya kazi ni kutenganisha mfupa na jiwe. Kisukuku hakitoki ardhini kikiwa safi kama mfupa wa ng'ombe uliokaushwa na jua. Hutoka kikiwa kimeshikamana na mashapo, yaani mchanga na udongo uliotuama, yaliyogeuka jiwe, kimepasukapasuka, na pengine kimepondwa na uzito wa matabaka yaliyokilalia kwa mamilioni ya miaka. Mwanafunzi huketi mbele ya hadubini akiwa na sindano ya chuma, brashi laini, vyuma vinavyofanana na vya daktari wa meno, na kalamu ya hewa, ambayo ni kifaa chenye umbo la kalamu kinachoendeshwa na kompresa na ambacho ncha yake hugongagonga jiwe kwa kasi kubwa mpaka limeguke punje kwa punje. Jiwe laini huondolewa kwa sindano na maji kidogo, na jiwe la chokaa huweza kulainishwa kwa asidi hafifu inayofanana na siki, ingawa kazi hiyo ya asidi hakabidhiwi mtu mgeni.

Kuna pia kuchekecha. Mashapo kutoka uwandani huoshwa kwenye chekeche zenye matundu madogo, mabaki yakakaushwa, kisha mwanafunzi akayapekua chini ya hadubini akitafuta meno ya wanyama wadogo, mengine madogo kuliko punje ya mchele. Anayepekua mchele jikoni kuondoa chuya ameshapata nusu ya mafunzo. Zaidi ya hayo kuna kutengeneza kalibu na nakala za plasta, kuandika namba kwenye sampuli, kupiga picha, kupanga droo, na kufagia, ambako sikutaja kwa mzaha.

Je, ni lazima niwe nasoma jiolojia?

Hapana. Wanafunzi wa biolojia, udaktari, akiolojia na hata sanaa huweza kufanya kazi hii vizuri, na kila mmoja huja na jicho lake. Anayesoma jiolojia huona tabaka na chembe za mashapo. Anayesoma anatomia hujua kwamba tundu dogo pembeni mwa taya ni njia ya neva wala si kovu la sindano ya mwenzake. Mchoraji naye huona umbo kabla hajajua jina lake. Tunachokiangalia zaidi kuliko kozi ni kama mtu anaweza kukaa saa tatu akitazama eneo lenye upana wa sarafu bila kuharakisha mkono. Wengi huacha kabla muhula haujaisha, na hatuwalaumu, kwani bora kuacha mapema kuliko kubaki huku ukifanya kazi kwa hasira.

Wanaodhani kwamba bila shahada mtu hawezi kuwa na mchango katika taaluma hii wamsome Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022. Hakupitia chuo kikuu, lakini ndiye aliyekiona mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, kipande kidogo cha fuvu kilichowaongoza wenzake kwenye mifupa ya kijana anayejulikana kama Mvulana wa Turkana, mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale iliyowahi kupatikana. Kipande hicho kilikuwa na rangi inayokaribiana sana na ya kokoto zilizokizunguka. Jicho la namna hiyo halitolewi na cheti, ingawa hadubini husaidia kulinoa.

Koti la plasta ni nini, na hufunguliwaje?

Mfupa unapopatikana uwandani hautolewi peke yake. Wachimbaji huuchimbia mtaro kuuzunguka, wakauacha juu ya kiguzo cha udongo kama uyoga juu ya shina lake, kisha huufunika kwa karatasi za chooni zilizoloweshwa maji na juu yake wakazungushia vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama mguu uliovunjika unavyofungwa hospitalini. Plasta ikikauka, kiguzo hukatwa, mzigo ukageuzwa na upande wa chini nao ukafungwa. Hilo ndilo koti.

Maabara hulipokea likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: namba ya uwandani, tarehe, mshale wa kaskazini na jina la eneo. Kabla ya kugusa msumeno, mwanafunzi hupiga picha maandishi hayo kutoka kila upande, kwa sababu msumeno utakapopita baadhi yake yatatoweka. Koti hulazwa juu ya mifuko ya mchanga ili lisibembee, kifuniko kikakatwa kwa kufuata ukingo, kisha kikainuliwa na watu wawili taratibu. Karatasi za chooni huwa zimekauka na kunata, na hubanduliwa kwa kibanio zikiwa zimeloweshwa tena kidogo. Chini yake ndipo unapoona udongo mkavu, mizizi iliyojipenyeza mpaka ndani ya nyufa za mfupa, wakati mwingine mdudu aliyekufa siku ile ile ya uchimbaji, na hatimaye ukingo wa kitu chenye rangi tofauti kidogo na jiwe.

Hapo mgeni huuliza atajuaje kwamba ni mfupa. Rangi hudanganya; kinachosaidia ni mfumo wa vinyweleo, kwa kuwa mfupa uliovunjika huonyesha ndani vitundu vidogo kama vya mkate, jambo ambalo jiwe la kawaida halina. Wazee wa uwandani hugusisha kipande ulimini, kwani mfupa hunata na jiwe halinati. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini ndani ya maabara yenye asetoni na gundi kila mahali haifai kabisa.

Kwa nini mnasisitiza lebo na daftari kuliko mfupa wenyewe?

Kwa sababu mfupa usiojulikana ulikotoka hauwezi kujibu swali lolote la maana. Chukua mfano wa Rukwapithecus, nyani mkubwa asiye na mkia aliyetangazwa mwaka 2013 kutokana na taya lililopatikana katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Taya lile peke yake lingetuambia jinsi meno yalivyo na basi. Lililolifanya liwe na uzito duniani ni kwamba tabaka lilimotoka lilijulikana, na kwamba majivu ya volkano yaliyomo katika mfululizo huo wa matabaka yaliwezesha umri wake kupimwa kuwa takriban miaka milioni 25. Kama mtu mmoja kati ya uwandani na droo angechanganya vibandiko viwili, umri huo ungepotea, na hakuna mashine inayoweza kuurudisha.

Kwa hiyo kila mwanafunzi ana daftari, na kila siku huandika namba ya sampuli, alichoondoa, kifaa alichotumia, gundi aliyotumia na mahali alipoitumia, pamoja na vipande vilivyobanduka. Kipande kilichobanduka huwekwa kwenye mfuko wake wenye namba hapo hapo, si baada ya chai. Namba huandikwa kwenye mfupa kwa wino juu ya mpako mwembamba mweupe unaoweza kuondolewa, mahali pasipoficha umbo muhimu. Visukuku vya mradi wa bonde la Rukwa, kwa mfano, hubeba herufi RRBP kabla ya namba, na anayesoma makala yoyote kuhusu wanyama wa huko atazikuta herufi hizo.

Ninapenda pia kuwakumbusha wanafunzi habari ya Simbakubwa kutokaafrika. Licha ya jina lake hakuwa simba bali mnyama wa kundi lililotoweka la walanyama, na taya lake lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, likakaa kwa miongo kadhaa katika droo ya makumbusho ya Nairobi. Watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza mwaka 2019. Aliyeandika lebo ile na kuiweka pamoja na mfupa hakujua nani angeifungua droo, lakini bila lebo hiyo ugunduzi usingekuwa na mahali wala umri.

Itakuwaje nikivunja mfupa?

Utavunja. Swali la maana ni utafanya nini katika dakika inayofuata.

Katika muhula wangu wa kwanza nilikuwa nikisafisha ubavu wa mtambaazi, nikaisukuma kalamu ya hewa sekunde mbili zaidi ya ilivyofaa, ncha ikateleza, na kipande chenye ukubwa wa punje ya dengu kikaruka. Nilizima kompresa, nikawaambia wenzangu wasisogeze miguu, kisha nikafagia vumbi lote la meza na la sakafu kwa brashi na kulipekua kwenye sahani chini ya hadubini. Kilichukua karibu saa mbili kupatikana, kikiwa kimejibanza kwenye mshono wa mfuko wa mchanga. Nilikibandika, nikaandika daftarini, nikamwita msimamizi. Aliangalia, akauliza kama nimeandika gundi niliyotumia, akaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na ukimya ule ulinifundisha zaidi.

Gundi ndiyo yenye undani. Tunayoitegemea zaidi ni Paraloid B-72, ambayo huuzwa ikiwa punje zinazong'aa na kuyeyushwa katika asetoni, ile ile inayotumika kuondolea rangi ya kucha. Ikiwa nyepesi hupenya kwenye nyufa na kuushika mfupa unaomong'onyoka. Ikiwa nzito hubandika vipande. Uzuri wake ni kwamba ukikosea, au akija mtafiti miaka hamsini baadaye akaona vipande vimebandikwa kinyume, asetoni itaiyeyusha tena. Supaglu hushika haraka na huvutia mno mtu mwenye papara, lakini kuiondoa ni kazi nzito, ndiyo maana chupa yake iko kwenye kabati la msimamizi.

Anayeficha kipande kilichovunjika haendelei nasi. Hiyo ndiyo kanuni pekee isiyo na onyo la pili.

Je, kazi hii ina hatari kwa afya?

Inazo, na zinajulikana. Vumbi la mawe lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, kama wanavyojua wachimbaji wa migodini. Kwa sababu hiyo kalamu ya hewa hutumika tu mbele ya mashine ya kufyonza vumbi na huku mtu amevaa barakoa inayokaa vyema usoni. Mlio wa kompresa na wa kalamu huchosha masikio, hivyo vizibo vya masikio si hiari. Asetoni hushika moto upesi na mvuke wake huumiza kichwa, kwa hiyo hutumika penye hewa ya kutosha na mbali na jiko. Mgongo na shingo huuma kwa kuinama, na hilo wanafunzi hulipuuza mpaka wiki ya mitihani. Usile wala kunywa kwenye meza ya kazi.

Siku hizi kuna mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya kitu kwa eksirei. Kwa nini tusitumie hizo tukaachana na sindano?

Tunazitumia, na zimefungua mambo ambayo sindano isingeweza. Pakasuchus kapilimai, mtambaazi wa jamii ya mamba aliyelingana na paka wa nyumbani, alipatikana katika bonde la Rukwa mwaka 2008 na kutangazwa mwaka 2010. Fuvu lake lilikuwa limefunga kinywa kabisa, meno ya juu yameumana na ya chini, na kuyatenganisha kwa chuma kungekuwa kuyaharibu. Picha za CT ziliwaonyesha watafiti meno ya nyuma yenye umbo la magego kama ya mamalia, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa ndugu wa mamba. Sehemu ya pili ya jina lake, kwa njia, inamkumbuka Saidi Kapilima, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa nguzo ya mradi huo katika miaka yake ya awali.

Lakini mashine haitoi mfupa kwenye jiwe. Hutoa maelfu ya picha za kijivu. Lazima mtu aketi mbele ya kompyuta akipaka rangi, picha baada ya picha, panapokuwa mfupa na kuacha panapokuwa jiwe, na pale ambapo uzito wa viwili hivyo unalingana programu hukosea na jicho ndilo huamua. Wanaohamia kompyuta wakidhani wamekimbia kazi ya polepole hurudi wakicheka. Isitoshe, pingili ya dinosaria mkubwa ndani ya koti lake haiingii katika mashine ya hospitali, na hata ingeingia, koti la kilo mia kadhaa halibebwi kwa machela.

Nitaona matokeo ya kazi yangu baada ya muda gani?

Pengine hutayaona ukiwa bado mwanafunzi, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Mabaki ya dinosaria Mnyamawamtuka moyowamkia yalionekana mara ya kwanza mwaka 2004 kwenye ukuta wa genge la mto Mtuka, mto ambao hukauka kwa msimu, kusini magharibi mwa Tanzania. Uchimbaji uliendelea hadi mwaka 2008. Jina lake lilitangazwa mwaka 2019. Kati ya miaka hiyo kuna makoti yaliyofunguliwa moja moja, pingili zilizosafishwa moja moja, vipimo, ulinganisho na dinosaria wengine wa shingo ndefu kutoka Amerika ya Kusini na kwingineko, na rasimu za makala zilizorudishwa na wahakiki. Moyo unaotajwa katika jina ni umbo la uso wa nyuma wa pingili ya mkia, ambao ukiutazama moja kwa moja unafanana na kopa kwenye karata. Mtu aliyesafisha uso huo akaacha ukingo wake bila mkwaruzo ndiye aliyewezesha jina hilo kuwapo.

Wapo wanaobahatika zaidi. Rukwatitan bisepultus, dinosaria mwingine wa shingo ndefu, alitangazwa mwaka 2014, na mwandishi wa kwanza wa makala hiyo, Eric Gorscak, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Yeye ndiye aliyeongoza pia makala za Shingopana songwensis mwaka 2017 na ya Mnyamawamtuka. Huyo lakini alikuwa amejitoa kwa kundi hilo moja la wanyama kwa miaka, si kwa muhula.

Je, jina langu litaonekana kwenye makala?

Desturi ni kwamba aliyesafisha sampuli hushukuriwa mwishoni mwa makala, na aliyechangia uchambuzi, vipimo au uandishi huwekwa miongoni mwa waandishi. Zungumza na msimamizi wako kabla kazi haijaanza, kwa maneno wazi, kwa maana mazungumzo haya yakicheleweshwa huwa machungu.

Taaluma yetu haina rekodi safi katika jambo hili. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lindi, na zaidi ya tani 200 za visukuku na mawe zilipelekwa Berlin baada ya kubebwa vichwani na mabegani hadi bandarini kwa mwendo wa siku kadhaa. Kiunzi cha dinosaria wa huko, ambaye leo huitwa Giraffatitan brancai, kimesimama katika makumbusho ya Berlin kikiwa na kimo cha mita 13.27. Majina ya wakuu wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig, yameandikwa kila mahali. Boheti bin Amrani, msimamizi wa kazi na mtaalamu wa kuandaa mifupa aliyewafunza wengine palepale uwandani, ilibidi angoje hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria Australodocus bohetii apewe jina lake. Na Mohammadi Keranje, pamoja na kabila la Wamwera, wakakumbukwa katika Wamweracaudia keranjei mwaka 2019. Mifupa yote hiyo ilikuwa Berlin muda wote huo. Ninawaambia wanafunzi waandike jina la kila aliyeshika sampuli, akiwemo dereva aliyeona mfupa wa kwanza alipokuwa akibadilisha tairi.

Nikimpa mnyama jina jipya katika tasnifu yangu, jina hilo litakubalika?

Halitakubalika mpaka lichapishwe kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama. Tasnifu iliyowekwa maktaba haihesabiwi kuwa chapisho. Alan Charig, alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge katika miaka ya 1950, alichunguza mifupa iliyokusanywa mwaka 1933 na Rex Parrington katika bonde la Ruhuhu, Tanganyika ya wakati huo, akampa mnyama mmojawapo jina Teleocrater. Hakulichapisha rasmi. Wataalamu walilitaja kwa miongo, wakijua kwamba kisheria halipo. Mifupa mipya ilipopatikana huko huko mwaka 2015, Teleocrater alitangazwa rasmi mwaka 2017, na Charig, aliyefariki mwaka 1997, akawekwa miongoni mwa waandishi. Mnyama huyo aligeuka kuwa muhimu kwa kuonyesha jinsi ndugu wa awali wa dinosaria walivyokuwa: warefu, wa miguu minne, wakikaribia mamba kwa umbo kuliko ilivyodhaniwa. Mwanafunzi aliyekaa na data yake miaka miwili akisubiri iwe kamilifu anafaa kuikumbuka habari hii.

Kwa nini visukuku vya Tanzania husafishwa ng'ambo, na je, hurudi?

Husafishwa ng'ambo kwa sababu maabara zenye vifaa kamili, mashine za CT za utafiti na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo pekee ni chache katika ukanda wetu. Kinachotofautisha leo na enzi za Tendaguru ni kibali. Visukuku nchini Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mtafiti huhitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, na sampuli husafiri kwa mkopo zikiwa bado ni mali ya nchi. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na visukuku vyake huhifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo ina wasafishaji wenye uzoefu mkubwa.

Maoni yangu ni kwamba mkopo pekee hautoshi. Nakala ya plasta inayorudishwa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania walikochimbwa baadhi ya wanyama hawa, bila mtu wa Songwe anayejua kutengeneza kalibu ni nusu ya deni. Mradi unaompokea mwanafunzi wa Dar es Salaam kwa miezi michache na kumrudisha akiwa na ujuzi wa mkono umelipa zaidi.

Niko Afrika Mashariki na chuo changu hakina maabara ya namna hii. Nianzie wapi?

Anza na idara iliyo karibu nawe, iwe jiolojia, zoolojia au akiolojia; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha jiolojia na akiolojia, na wahadhiri wake huwa ndio kiungo cha miradi ya nje. Kenya kuna Taasisi ya Bonde la Turkana, aliyoianzisha Richard Leakey kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Stony Brook, ambayo huendesha shule ya uwandani. Jifunze mifupa ya wanyama walio hai kwanza. Chemsha kichwa cha mbuzi, safisha fuvu lake, taja kila mfupa. Aliyekwisha kulijua fuvu la mbuzi hatishwi na fuvu la mnyama wa miaka milioni 20.

Je, nitalipwa?

Wakati mwingine. Wengine hupata alama za kozi, wengine posho ndogo kutoka kwenye fedha za mradi, na wengine hujitolea. Uliza kabla ya kuanza.

Kazi hii itanifikisha wapi baadaye?

Wachache huwa wanapaleontolojia, yaani wataalamu wa visukuku. Wapo wanaoingia makumbusho, kampuni za utafiti wa madini na mafuta, au uhifadhi wa urithi. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba wataalamu wengi wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo huajiriwa na vyuo vya udaktari kufundisha anatomia, na ndivyo ilivyokuwa kwa waliouongoza mradi wa Rukwa kutoka Ohio: asubuhi mwili wa binadamu, jioni pingili ya dinosaria.

Nikiokota kitu kinachofanana na mfupa wa kale kijijini, nikilete maabara?

Tafadhali usikitoe. Kipige picha kikiwa palepale, weka kitu kando yake kinachoonyesha ukubwa, andika mahali ulipo kwa kutumia simu, kisha mjulishe ofisa utamaduni wa wilaya, Idara ya Mambo ya Kale au makumbusho ya taifa. Ukikiokota na kukileta, unakuwa umeleta mfupa na kuacha ushahidi nyuma, na huenda pia umevunja sheria.

Siku ya kwanza nije na nini?

Viatu vinavyofunika vidole, nywele au mtandio uliofungwa usining'inie karibu na kompresa, daftari lenye kurasa zilizoshonwa, na penseli, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida hutiririka ukiguswa na asetoni. Barakoa, miwani na vizibo vya masikio utavikuta. Hutapewa sampuli yenye namba. Utapewa bonge la jiwe lenye vipande vya mbavu visivyo na taarifa zozote, sindano moja na brashi moja, na utaachwa kwa saa mbili. Msimamizi atakapopita kuangalia umefika wapi, usishtuke ukigundua kwamba eneo ulilolifungua halizidi ukucha wa kidole gumba.